"Nakuja" Katika Ukungu wa Osukuru

Jumamosi, 4 Mei
Tumepanda Osukuru, kama kila Jumamosi. Daktari wa hospitali ya Masafu alimwagiza mke wangu atembee kwa ajili ya sukari yake. Athieno akachagua vilima vya kwao. Fimbo mkononi mwake. Chupa ya chai yenye sukari mgongoni mwangu, ili sukari ikimshuka na mwili ukimlegea anywe upesi. Mgongo wa kilima unateleza. Sikuifurahia safari.

Juu alisema "Nakuja," akaenda kichakani. Nilimweleza, kwa mara nisiyoikumbuka idadi yake, kwamba anayeondoka husema "Naenda, nitarudi."

"Mwalimu, siku nakufa, utasahihisha mimi kwanza?"

Alicheka peke yake.

Jumatano, 8 Mei
Mvua tangu Jumapili. Naandaa hotuba ya siku ya Kiswahili chuoni. Nimeweka "nakuja" kuwa mfano wa kwanza: huku Tororo mtu huitamka akikupa kisogo. Wasikilizaji watacheka. Sisi wa Busia tunajiona wasafi wa lugha.

Jumamosi, 11 Mei
Ukungu kuanzia nusu ya njia. Athieno aliteleza, akaangukia goti. Niliomba turudi.

"Nikikaa, sukari itanikula nimekaa."

Tukaendelea. Upande wa kushoto kuna mteremko ambao leo haukuonekana, na kutouona kulinitisha zaidi ya kuuona. Mimi ni mwoga. Nauandika ukweli huo hapa kwa kuwa siwezi kuutamka mbele yake.

Ijumaa, 17 Mei
Mvua mchana kutwa. Sitaki kwenda kesho. Nitakwenda, maana nisipokwenda atakwenda peke yake.

Jumamosi, 18 Mei


Tulikuwa katikati ya mgongo wa kilima. Ukungu mzito, mikono yangu niliiona, miguu sikuiona. Mimi mbele, yeye nyuma. Niliita, akajibu, "Nakuja." Nikaendelea kutembea. Naye alikuwa amerudi nyuma kuifuata fimbo iliyomponyoka. Aliniambia nisubiri, kwa neno lake. Nililisikia kwa sikio la darasani.

Nilipogeuka, hakuna mtu. Niliita. Mvua ikaimeza sauti. Nikakumbuka chupa iko mgongoni mwangu.

Nilirudi kwa kutambaa, nikipapasa mawe, nikihesabu hatua na kuzisahau. Sijui ilichukua muda gani. Kisha nikasikia mti ukigonga jiwe. Polepole, tena na tena. Alikuwa ameketi penye njia, jasho linamtoka katika baridi ile, midomo inatetemeka, akigonga kwa fimbo. Ulimi ulikuwa mzito. Hakulitamka jina langu vizuri. Nilimshika kichwa nikamnywesha, nusu ikamwagika kifuani.

Baada ya muda akasema, "Nilikuambia nakuja."

Ndivyo. Aliniambia.

Jumapili, 19 Mei
Hakuna mvua. Hatukwenda kanisani, goti lake limevimba. Kuanzia sasa kila mmoja atabeba chupa yake. Lilikuwa jambo jepesi, na sikulifikiria.

Nimeusoma tena mfano wa kwanza wa hotuba. Nimeukata kwa mstari.

Jioni tuliketi barazani. Mawingu yalikuwa yameondoka Osukuru, na mgongo wa vilima ukaonekana wote, mfupi kuliko ninavyoukumbuka. Athieno aliinuka taratibu, akashika fimbo.

"Nakuja," akasema, akaingia jikoni.

Nikasubiri.