Leseni na Msiba wa Uongo

Jumatatu, 1 Agosti 1955
Filemoni, karani wa leseni za biashara, kapita leo hapa Chiungutwa. Nilimwona angali dukani kwa Mahmudu — nikaingiza cherehani uvunguni, nikafunga kibaraza. Hodi! Neno likaniponyoka: tuna msiba, mama mkwe kafariki kijijini kwake Mnyambe. Sijui nililitoa wapi. Filemoni akavua kofia. Hakudai kitu. Akasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa, akanipa shilingi mbili za rambirambi, za mfukoni mwake mwenyewe. Nami nikapokea! Mtu ambaye kaptura yake nimeitia viraka mimi.

Jumanne, 2 Agosti
Pesa ya leseni ninayo. Nilisema tu Mwingereza angoje, barabara yenyewe mashimo matupu. Mahmudu kalipa, karatasi kaibandika mlangoni. Hata Julia wa mkahawa kalipa. Anasema Filemoni humwamkia kwanza, humwandikia stakabadhi mbele ya macho yake, hamkaripii. Kweli. Angenitukana, ningelala usingizi.

Alhamisi, 4 Agosti
Balaa! Habari imefika Mnyambe. Watani wa mama mkwe walikwenda na vilio na vichekesho vyao vya msibani, wakamkuta anamenya mihogo! Wamemcheka mpaka jua likazama. Stamili, mke wangu, hanisemeshi. Nimemzika mama yake ili nifiche cherehani. Mimi, mzee wa kanisa!

Jumamosi, 6 Agosti
Mama mkwe kaja. Kwa miguu, na umri ule. Mimi naye hatutazamani, ndiyo heshima yetu, basi kasema na Stamili kwa sauti ya kunifikia: kumbe mwenzako ana shida, mbona hakutuma mtu? Hakunitukana! Aibu imenijaa. Nimetoa pesa ya leseni sandukuni. Jumatatu naipeleka bomani, na ukweli wote nausema.

Hata sijaweka kalamu chini — hodi. Filemoni! Kaja kutupa pole. Nimejidai nafuata kiti chumbani. Namsikia ukumbini: shikamoo mama, pole kwa msiba. Anadhani ni dada wa marehemu.

Marahaba, mwanangu, mama mkwe anajibu. Tumeshapoa.

Kaitikia! Anapokea pole ya kifo chake mwenyewe, nisiaibike mimi. Stamili analia, Filemoni anambembeleza. Pesa iko mkononi, imelowa jasho. Sasa Filemoni ananiita — niende tumwombee marehemu. Wamekwisha kupiga magoti, na mama mkwe pia. Ananiita tena.