Mama Anasema Bado Kuna Ukungu

Kisiwa cha Kadavu, Jumapili

Kaka Sireli,

Sisi hatujambo, na mihogo uliyopanda kabla ya kwenda Queensland tumeshaila. Droni uliyotutumia nimeizoea. Video za kwanza zilimchefua Mama. Kila nilipoizungusha juu ya shamba, vilima vilirukaruka, naye akaniuliza, "Litia, umerusha droni au umerusha mbuzi?" Lakini miguu haimruhusu tena kupanda mlima hadi shambani, kwa hiyo sikukata tamaa. Siku hizi nairusha asubuhi kabla ya upepo, nafuta chumvi kwenye lenzi, naligeuzia jua mgongo, kisha naizungusha polepole mpaka mduara ukamilike.

Jumatano niliwaonyesha video mpya. Jirani yetu Vasiti akapiga kelele, "Jamani, hata magimbi unaweza kuyahesabu!"

Mama akasema, "Nzuri, ila bado kuna ukungu."

Nikafuta kioo cha simu. Nikaongeza mwanga. Mama akanigeukia, akacheka kidogo. "Usihangaike, mwanangu. Hata wewe una ukungu, tangu Krismasi."

Kaka, aliniapisha nisikuambie, maana utaacha kazi urudi. Jumanne tunapanda meli kwenda Suva kumwona daktari wa macho. Kazi usiache, ila mpigie.

Jana nilirusha tena. Mama alisogeza kiti karibu, akafumba macho, akasema, "Haya, nisimulie." Nikamweleza shamba lote, tuta kwa tuta, na mahali pawili akanisahihisha.

Mdogo wako,
Litia