Mjomba, Nakuomba Uugue

Ha'apai, Tonga
9 Juni

Mpendwa Mjomba Siosaia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako limetulia? Baridi ya Auckland haijakuingia kifuani? Huku mama ni mzima, anapalilia viazi vikuu vyake na kumkemea kila apitaye. Kazi ya redio inaendelea. Juzi nilitangaza msiba wa mchungaji mstaafu.

Mimi si mzima. Nikikojoa naungua, na sasa homa hupanda kila jioni. Kolio naye ameanza. Nakuandikia wewe kwa kuwa habari yangu na mwanamume huyu uliijua mapema, na ulichouliza tu ni kama anajua kupika.

Nilikwenda zahanati. Daktari ni mgeni kutoka Brisbane, kijana mpole. Hamwoni mgonjwa bila muuguzi chumbani, na muuguzi ni mmoja tu: Lavinia wa mama mdogo. Dada yangu. Unajua mwenyewe, mbele ya dada hayatajwi ya chini ya kiuno, hata kwa mzaha.

"Una mke?" daktari akaniuliza.

"Sina."

"Unalala na wanawake, wanaume, au wote?"

Aliuliza vizuri, bila kukunja uso. Mahali pengine ningemshukuru. Lavinia akageukia ukuta, kisha akashika kitasa atoke. Nje benchi lilijaa wanawake wa kanisani, na dada akitoka huku kaka amebaki kwa daktari, hakuna asiyejua yanayosemwa ndani. Nikamtikisia kichwa. Akabaki.

"Ni tumbo, daktari," nikasema.

Nikapewa dawa ya tumbo. Nilipotoka nikitaja tumbo, Mama Seini akadakia kutoka benchini: "Feleti, oa bwana! Tumbo la kapera halitulii!" Benchi zima likacheka. Nami nikacheka.

Wiki iliyofuata nikarudi, nikasema tumbo tena. Lavinia alinipa vidonge vilevile huku akizungumza na dirisha: "Mjomba wetu anazeeka. Akiugua, nani ataenda kumwangalia? Kule kwake muuguzi si ndugu ya mtu." Hakunitazama.

Hospitali ya mji mkuu, Nuku'alofa, haifai. Muuguzi wa wodini kule ni mdogo wake Lavinia, na mama angetaka kujua nimefuata nini.

Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako, na kwa desturi yetu chako ni changu. Nimechukua baiskeli yako, nguruwe wako, hata koti lako la harusi, wala sikuomba ruhusa. Leo naomba. Ugua. Goti linatosha. Mpigie mama simu Jumapili baada ya ibada, ulalamike kama unavyojua kulalamika, na useme unanihitaji mimi huko nije kukuuguza, si mwingine.

Fanya hima. Homa haingoji.

Nisalimie mkaza mjomba Pisila na Tomasi. Mungu akuepushe na maradhi ya kweli.

Mpwa wako akupendaye,
Feleti