Chembe Mbili za Chuma Uwanjani Ruse

Tsvetana, uko? Nimechefukwa, shoga. Nimechefukwa mpaka mate yamenijaa mdomoni.

Lile lisanamu alilounda Ognyan limezinduliwa leo uwanjani. Mapete mawili ya chuma, marefu kuliko kanisa. Ati ni fizikia: chembe mbili zikishaungana, hata uzitenganishe vipi, moja ikiguswa nyingine inasikia.

Si akashika maikrofoni! Mke wake mpya, Desislava, kakaa safu ya mbele, na mwanamume ananinyooshea mimi kidole: "Chembe yenyewe ile pale, mke wangu wa kwanza. Alipopasuliwa tumbo, mimi nilisikia maumivu!"

NILISIKIA MAUMIVU. Mtu aliyenitelekeza wodini!

Watu wakapiga makofi. Mama yangu mzazi kapiga makofi, Tsvetana! Halafu Ognyan akaja kunibusu mkono, midomo imelowa pombe ya rakia. Kinyaa!

Nikamnyang'anya maikrofoni. "Ognyan, siku ninapasuliwa ulikuwa ufukweni Varna na Desislava, mnaota jua. Uliumwa wapi?"

Akagusa kifua. "Hapa."

Wakapiga makofi TENA!

Ndipo Desislava akasimama, uso umempauka. "Ognyan, si uliniambia mlikuwa mmeshaachana?"

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Nikakimbilia nyumbani. Desislava kanifuata. Yuko jikoni kwangu sasa hivi, anajifuta kamasi kwa kitambaa changu cha vyombo. Mwanamke aliyenivunjia ndoa! Na mimi nimembandikia chai. Shoga, nimepatwa na nini?