Usije na Chuma

Naju, 20 Agosti 1998

Mwanangu Gyuseok,

U mzima? Mimi mzima, kwa kadiri ya mtu ambaye moyo wake unaruka mapigo. Mapea yamewahi kuiva.

Hesabu yangu fupi: miaka mitatu, kaburi moja la mama yako, mtoto wa kiume mmoja, nyasi alizofyeka hapo kabla ya sikukuu ya mavuno sifuri. Hata yule mlevi, mtoto wa jirani yetu Bongsu, alikuja kufyeka makaburi ya kwao. Bongsu akaniuliza, "Wako yupo, au naye mlimzika?" Nilianza na miche saba ya mipea nikakusomesha fizikia mpaka mwisho, ili nichekwe na Bongsu?

Baba

Daejeon, 27 Agosti

Baba,

Nakuinamia nikiwa mbali. Kifua kinaendeleaje?

Sikukataa kuja. Tangi letu la heli, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, hujazwa kila siku ya tano. Likipata joto, nyaya zinaanza tena kuupinga umeme na mashine inakuwa kiziwi. Mimi ndiye mdogo maabarani, tena sina mke, basi kila sikukuu zamu ni yangu. Mwaka huu nitakuja kufyeka, liwalo na liwe.

Na mashine iko tayari. Inausikia moyo bila kuugusa. Utalala chini yake wa kwanza. Usije na chuma chochote, hata kifungo; kinaivuruga.

Mwanao

Daejeon, 24 Septemba

Baba,

Umeamkaje? Malengelenge ya mundu bado yapo mikononi.

Jumapili ile ya kuja kufyeka nilijaza tangi huku nikiliwahi basi, nikasahau kufunga kifuniko cha shingo yake. Hewa ikaingia, ikaganda, ikaziba njia. Heli ikachemka ndani bila pa kutokea. Tangi limepasuka, na vihisi vyote vya mashine pamoja nalo. Kwa hali ya uchumi wa nchi mwaka huu, hakuna wa kutununulia vingine, na mkataba wangu hawauongezi. Profesa alisema tu, "Kumbe ulikwenda kukata nyasi."

Usije, Baba. Hakuna kitu huku.

Mwanao

Naju, 24 Septemba

Mwanangu,

U mzima? Tangu ufyeke, nalala. Nimepita mlangoni kwa Bongsu mara mbili, na sikuwa na safari.

Daktari wa Gwangju anasema vipimo vyake havioni tatizo lilipo, na hapasui asichokiona. Nikamwambia, "Mwanangu ana kinachosikia." Akasema nisichelewe.

Ijumaa ijayo napanda treni. Vifungo nimeweka vya mfupa. Pete ya ndoa ilikataa kutoka hata kwa sabuni, nikaikata kwa msumeno wa kupogolea mipea. Mama yako ataelewa.

Nafasi ya kwanza uliniahidi mimi. Usimpe profesa.

Baba