Njia ya Juu ya Kasigau

Stesheni ya Voi
Jumatatu, 11 Juni 1956

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mwalimu Gibson anayekusomea barua hii. Kikohozi kimepungua, au baridi ya Ronge bado inakusumbua? Mimi ni mzima, ila viganja vimechubuka kwa panga, na najua utauliza karani wa reli ana kazi gani na panga.

Jana nilipumzika zamu. Nikatoka alfajiri peke yangu nikapanda mlima wa Sagalla kwa ile njia ya zamani iliyoachwa tangu watu wapate barabara ya magari. Mwanzo huioni kabisa, ni vichaka vitupu. Inabidi uitafute kwa nyayo. Udongo uliokanyagwa miaka mingi hauwi laini tena hata ukiota majani. Ukitoka njiani mguu unazama, ukirudi mguu unakuambia. Saa tano nilikuwa juu, nikakaa nikala viazi vyangu nikitazama treni ya Taveta inavyotambaa kama jongoo. Jioni nilikuwa nimesharudi kitandani kwangu.

Nimefanya hivi tangu Aprili, kila nikipata Jumapili. Wenzangu hapa wananicheka, wanauliza kama nimepoteza mbuzi. Naona tu kwamba njia iliyotengenezwa na watu haifai kufa hivi hivi bila mtu kuitembelea.

Sasa nataka mlima wa Kasigau. Nilizaliwa Malindi, nikalelewa Ronge, na kwetu nakusikia tu. Najua vita vya Wajerumani vilipofika mlimani, serikali ilisema watu wetu wamemwonyesha adui njia, ikawahamisha wote. Zaidi ya hapo baba alikufa kabla sijapata akili ya kumuuliza. Binamu Donald, ambaye sasa anakaa Rukanga chini ya mlima, ameniambia njia ya kwenda maboma ya juu imefungwa na msitu. Boma letu lilikuwa upande gani?

Mwanao,
Phineas


Ronge
20 Juni 1956

Mwanangu Phineas,

Barua imefika na nimesomewa. Kikohozi ni kile kile, hakiniui. Mahindi ya bondeni yamebeba vizuri. Mwalimu anakusalimu.

Habari ya Sagalla nimefurahi. Habari ya Kasigau sikufurahi. Pale chini pamejaa ndovu, juzi wamemaliza shamba zima la mtama la watu, na mtu akiwa peke yake hana wa kumpigia kelele. Huko juu hakuna kitu chako. Nyumba zilikuwa za nyasi, zimeoza siku nyingi. Nenda Sagalla, nenda kilima cha Mwakingali, hapo mlangoni pa nyumba yako.

Boma lilikuwa upande gani sikumbuki.

Mamako,
Wakio


Voi
2 Julai 1956

Mama mpendwa,

Habari za huko, na kikohozi? Mimi nimerudi salama, nalisema hilo kwanza ili moyo wako utulie, kwa sababu nimekwenda.

Jumamosi nilipanda lori la mfanyabiashara hadi Rukanga, nikalala kwa Donald. Jana kulipokucha nikaanza. Njia ipo, mama. Chini imemezwa na miiba, nikafyeka saa nzima bila kwenda mbali. Kisha nikakuta ngazi za mawe, zimepangwa kwa mkono, na juu yake ua wa minyaa uliokuwa mrefu kuliko paa la stesheni. Nikajua hapa palikaa watu.

Saa nne wingu likashuka. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilikuwa nimeukata mti alama, nikageuka, alama haipo. Nikasimama. Kwenye majani mbele yangu kitu kikapumua, pumzi nzito ya mnyama mkubwa, karibu kiasi cha kunusa. Nyati, nadhani. Sikusogea mpaka nguo zikalowa kwa ukungu. Kilipoondoka, nikarudi nilikotoka, mkono mmoja ukipapasa mawe.

Chini askari wawili walinishika. Siku hizi za hali ya hatari mtu mwenye panga atokaye msituni peke yake anaonekana vibaya. Walikagua kipande changu cha utambulisho, wakaniuliza ni wapiganaji gani wa msituni ninaowapelekea chakula. Donald akaja akanisemea.

Lakini lililonikosesha raha ni jingine. Nyumbani kwa Donald palikuwa na mama mzee mmoja wa rika lako. Aliposikia mimi ni mtoto wa nani, aliweka chini kibuyu alichoshika. Nikamwuliza boma letu. Akasema, "Kamwulize mamako." Nikamwambia, "Amesahau." Akanitazama sana, akasema, "Wakio hajasahau," akaenda zake.

Nitarudi Jumapili ya tarehe 22.

Mwanao,
Phineas


Ronge
10 Julai 1956

Phineas,

Tumeamka salama. Mwalimu Gibson anaandika kama ninavyosema, hapunguzi.

Usipande. Askari wakikushika mara ya pili hawatamsikiliza Donald, na reli itakufukuza kazi. Na mahali palipoachwa na wenyewe pana uzito wake, mtu haendi kupekua kama nguruwe. Mimi sijakuomba mambo mengi tangu ulipoanza kujitegemea. Hili nakuomba. Ukipanda, usiniletee habari zake, sitaki kuzisikia.

Mama


Voi
16 Julai 1956

Mama mpendwa,

Salamu zangu ni zile zile na heshima yangu kwako ni ile ile.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza ilikuwa ndovu. Sasa ni askari, na kazi, na uzito wa mahali. Wewe umenilea kwa kunipa sababu moja tu kwa kila jambo, na ilikuwa inatosha. Kuna nini kule juu? Ukiniambia, huenda nisiende. Usiponiambia, Jumapili nitapanda.

Mwanao,
Phineas


Ronge
Alhamisi, 19 Julai 1956

Mwanangu,

Nakutumia barua hii kwa mkono wa kondakta wa basi, posta itachelewa. Mwalimu ameniuliza mara mbili kama kweli nataka aandike. Nimesema aandike. Miaka hii yote nilimwogopa mtu atakayeshika kalamu. Leo nakuogopea wewe zaidi.

Kabla yako nilikuwa na mtoto. Jina lake Mkawasi. Alikuwa ametembea mwezi mmoja tu.

Askari walipokuja kutuhamisha, wanaume walikuwa wameshateremshwa, baba yako akiwa miongoni mwao. Sisi wanawake tukaambiwa tushuke kabla jua halijapanda. Mkawasi alikuwa na surua, macho hayafunguki. Nyanya yako Saru, mama wa baba yako, miguu ilikuwa imekufa, hatembei. Nilitaka kumbeba mtoto. Saru akasema, "Jua la nyikani litamuua kabla ya jioni. Niachie. Watawaweka siku tatu kisha watawarudisha." Wote tulifikiri ni siku tatu. Nikawapeleka chini ya lile jabali lililoinama nyuma ya boma, tulikokuwa tukificha mbuzi. Nikawaachia maji mitungi miwili, na mtama. Mtoto hakulia. Nikashuka.

Chini baba yako aliniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikamwambia, "Yuko kwa mama." Akageuka akautazama mlima. Tulikaa Malindi karibu miaka ishirini. Wenzetu walipopewa ruhusa ya kurudi mlimani, mimi nilikataa, ndiyo maana wewe umekulia Ronge.

Ukipita ua wa minyaa, boma letu ni la tatu, upande wa kulia. Nimekumbuka siku zote. Ukienda, utawakuta walivyo. Sikutaka uwaone mifupa juani kabla hujanisikia mimi. Ngoja, usiende. Na kama utakwenda, uende ukijua.

Mamako,
Wakio


Ronge
1 Agosti 1956

Phineas mwanangu,

Jumapili mbili zimepita. Basi limekuja hapa mara nne bila barua. Kondakta anaapa kwamba ile yangu aliifikisha stesheni.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Kama hutaki tena kuniita mama, andika hilo, mwalimu atanisomea. Naogopa uko kule mlimani na hakuna anayejua. Nimemtumia Donald neno, hajajibu.

Mwalimu ananiambia niongeze maneno. Sina.

Mama


Hospitali, Voi
5 Agosti 1956

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi, ni mzima. Mwandiko usikutishe wala usimtishe mwalimu Gibson, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Daktari anasema utaunga.

Sijakasirika. Barua yako ilifika stesheni Jumamosi jioni, na mimi nilikuwa nimeondoka na lori adhuhuri. Niliisoma siku nane baadaye, nikiwa kitandani hapa, mwenzangu aliponiletea barua zangu. Kwa hiyo nilipanda bila kujua. Nisikilize taratibu.

Ua wa minyaa niliufikia mapema. Juu yake mlima umemeguka, njia imekwenda na maporomoko, hatua kama thelathini za udongo mtupu. Ningepaswa kurudi. Nilivuka kwa kulalia tumbo. Nilipokaribia upande wa pili, jiwe nililolishika likang'oka, nikaanguka kwenye korongo na mkono chini yangu. Niliusikia ukivunjika.

Kisha wingu likaja, na mvua nyuma yake. Sikuweza kushuka na mkono mmoja katika utelezi ule. Nikaona heri nipande, nitafute pa kujikinga. Nilitambaa, sijui muda gani. Nikapita mawe ya mafiga, nikapita jiwe la kusagia limejaa maji ya mvua, na mbele nikaona jabali limeinama kama ukingo wa kofia. Nikaingia.

Mama, hapakuwa na mifupa juani.

Palikuwa na marundo mawili ya mawe, moja refu, moja fupi, yamegusana. Mawe yamechaguliwa, makubwa chini, madogo juu, na nyufa zote zimezibwa ili fisi asipate pa kutia pua. Ilikuwa kazi ya siku nyingi. Ukutani juu yake mtu amechora kwa chuma: E.M. 1917. Ile M miguu yake imepanuka kama ya mtu anayebeba mzigo. Naijua. Ndiyo iliyo kwenye jalada la Biblia ya baba.

Nilishangaa. Mwaka 1917 watu wote wa Kasigau walikuwa Malindi. Nikafikiri maumivu yananichanganya. Nikakaa kando ya rundo lile fupi mvua ikinyesha, nikala kiazi changu, nikawaomba radhi wenye pale kwa kuwaingilia, kama ninavyofanya kila nikikuta boma la watu. Sikujua nazungumza na dada yangu.

Mvua ilipokatika nikasikia sauti ya Donald. Aliona wingu, akafuata miti niliyoikata alama, akiwa na watu watatu na kamba. Jioni tulikuwa Rukanga.

Tangu nilipoisoma barua yako nimekaa na karatasi hii wiki nzima. Si mkono ulionizuia. Sikujua kama nikuambie kwa barua au nije. Daktari hajaniruhusu kuja.

Baba aliwazika, mama. Hawakubaki walivyo.

Mwanao,
Phineas


Ronge
14 Agosti 1956

Mwanangu Phineas,

Ugua pole. Mwalimu alisoma barua yako hadi mwisho, akaweka miwani mezani, akatoka nje akaniacha peke yangu. Amerudi kuandika leo, siku ya tatu.

Nikueleze jambo la baba yako. Mwaka wetu wa pili Malindi alitoweka miezi miwili. Akarudi amekonda, nyayo zimepasuka, kucha mbili za mkono hazipo. Akasema alipata kibarua Mombasa, bandarini. Nikamwuliza kibarua gani kisichomletea mke hata kanga. Nikamwambia ana mwanamke. Hakukataa.

Nilimnunia mwaka mzima. Nilimsema kisimani mbele ya wanawake wenzangu. Na baadaye, hata wewe ulipokwisha kuzaliwa, kila tukigombana nilimtajia huyo mwanamke wake wa Mombasa. Alikuwa ananyamaza na kutazama chini. Nikasema moyoni, ndivyo anyamazavyo mwenye hatia. Nilimzika nikiamini hivyo.

Kumbe alipita nyika ile yote kwa miguu, vita havijaisha, na wangemkamata wangemwita mpelelezi. Akapanda. Akawakuta. Akabeba mawe. Kisha akarudi kwangu.

Na najua kwa nini hakusema. Kila jioni Malindi nilikuwa nikimwambia, "Labda Wakamba wawindaji walipita wakawachukua. Labda Mkawasi anateka maji kwa mtu sasa hivi." Nilimwambia hivyo kabla hajaenda, na nikamwambia hivyo usiku ule ule aliporudi. Aliniacha niseme. Alikubali kuitwa mzinzi nyumbani kwake miaka yote ile, ili mimi niwe na mtoto anayeteka maji mahali.

Mimi nami nilidhani namfichia yeye. Nilidhani sitaji jina la mtoto ili nisimwumize.

Jumapili nilikwenda kaburini kwake hapa nyuma ya kanisa. Nilikaa mpaka watu wakatoka ibadani. Nilichomwambia sitampa mwalimu akiandike.

Umesema rundo moja ni fupi. Niandikie fupi kiasi gani, na kichwa kimeelekea wapi kama mawe yanaonyesha. Na umesema yamegusana. Nataka nijue kama yamegusana kweli, au umesema hivyo kunipoza.

Mkono ukipona, mwambie Donald aweke magogo pale mlima ulipomeguka, mtu mzima apite bila kulalia tumbo. Mwalimu anasema sina umri wa kupanda. Nimemwambia aandike tu. Nitakuja na basi hadi Voi Ijumaa ya tarehe 28 Septemba, unipokee. Chini ufyeke wewe na wenzako. Kutoka minyaani kwenda juu mniache nitangulie, hapo naijua njia.

Mamako,
Wakio