Mapipa Nyuma ya Ngazi

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi nipo, nasukuma siku. Kazini tumepewa jengo lenu tulikarabati, na pale penye mapipa ya taka pameangukia mezani kwangu. Wenzangu wananitania kwamba nimesoma miaka yote ile nije kuchora jalala. Nimechoka hata kuwajibu.

Hebu nieleze, pakoje siku hizi? Wewe ndiye unayeshuka pale kila jioni. Usinifiche kitu.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, yananipeleka yanakotaka yenyewe.

Unauliza pakoje? Pabaya. Nashuka ngazi zote na ndoo yangu, nikifika chini nzi wananipokea kama mgeni rasmi. Mapipa yamepasuka. Bwana Redio wa ghorofa ya pili anachanganya chupa na maganda kila siku ya Mungu, na nikimsema ananisimulia habari za dunia nzima mpaka giza linaingia. Mama Cherehani wa juu kabisa naye hawezi kumwaga yake bila kukagua ya kwangu. Juzi kakuta nimetupa mkate karibu mzima. Nilisemwa mpaka nikatamani kuufuata humo pipani. Yeye anakalia kopo la rangi, mimi nakalia kreti, tunabishana hadi harufu itushinde.

Watu wazima na mvi zetu tunakaa jalalani, heshima gani hiyo? Kama una uwezo, tuondolee balaa hili.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, roho ikaniuma. Sikujua unateseka hivyo.

Nimeshachora. Bomba kubwa litapita kando ya ngazi, na kila ghorofa itakuwa na kimlango chake. Unafungua, unatupa, unarudi zako kukaa. Chini kutakuwa na chumba kinachofungwa, ufunguo anao mzoa taka peke yake. Bosi alikataa, tukavutana wiki nzima, nikamwambia baba yangu mzazi anaishi mle. Ameridhia. Hutashuka tena na ndoo.

Nalala kidogo siku hizi, lakini kwa hili sijutii.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Bomba limekamilika. Nzi hakuna, harufu hakuna, ngazi ni kavu. Kimlango kinafunguka vizuri.

Sina la kulalamika. Ahsante.

Baba yako

12 Septemba

Baba,

Shikamoo. Kusema kweli barua yako imenitisha. Tangu nipate akili sijawahi kukusikia ukisema huna la kulalamika. Hata kwenye harusi yangu ulivisema viti. Unaumwa? Bwana Redio hajambo? Mama Cherehani bado anakusema?

Mwanao

5 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu, na simu inaita tu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

21 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Simu naisikia, ila naiacha iite.

Mama Cherehani alianguka jikoni kwake akavunjika nyonga. Alilala pale sakafuni, hatujui tangu lini. Aliyemkuta ni msoma mita, alisikia mtu anaguna ndani. Zamani asiposhuka jioni na ndoo yake, mmoja wetu angepanda kumgongea, hata kama ni kumtania tu. Sasa nani angejua? Kila mtu na kimlango chake. Bwana Redio nilikutana naye hospitalini, nikamuuliza habari za siku nyingi kana kwamba alikuwa safarini, na mtu mwenyewe analala chini ya sakafu yangu.

Mama Cherehani mtoto wake amemchukua, atakaa naye huko moja kwa moja. Kopo lake la rangi mafundi walishalitupa.

Sikulaumu, mwanangu. Uliniuliza pakoje, nikakueleza. Hukuuliza kama napapenda, na hata ungeuliza ningekuambia sipapendi. Nimechoka. Kumbe kukaa tu kunachosha kuliko ngazi.

Baba yako

9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimelia ofisini mbele za watu. Gari lako lile bovu ulilitukana kila asubuhi, na siku tulipotaka kuliuza ukaficha funguo. Chai ya marehemu Mama uliisema maisha yako yote huku ukiongeza kikombe. Nakujua hivyo tangu utoto, halafu barua yako nimeisoma kama malalamiko ya mpangaji nisiyemjua. Nisamehe.

Nimerudi kwa bosi. Bomba litabaki, kuna wasioweza ngazi kabisa. Lakini litameza taka za jikoni tu. Chupa, makopo na makaratasi, vile vinavyorudi kiwandani kutengenezwa upya, vitashushwa kwa mkono na kupangwa kwenye meza ndefu pale uani, chini ya paa. Pembeni nimechora benchi. Bosi kaniuliza benchi la nini jalalani. Nimemjibu ni la watu kukalia. Amenichoka, nami nimemchoka, ila amesaini.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijui nani alikufundisha kupima benchi. Liko chini mno, siinuki mpaka nishikwe mkono, na wa kunishika ni Bwana Redio, ambaye hamnyanyui mtu bila kumpa taarifa ya habari kwanza. Paa linavuja upande wangu, upande wake ni mkavu. Chupa bado anachanganya.

Kwa Mama Cherehani amehamia mwalimu mstaafu. Huyo anapanga chupa kwa rangi, utadhani anafungua duka. Jana hakushuka. Nikapanda mimi, ngazi zote, na magoti haya, nikamgongea. Mafua tu. Kanisumbua bure.

Mama Cherehani mwenyewe hatumwoni. Mtoto wake anasema atamleta siku moja atusalimie. Sitegemei sana, lakini ile ncha ya benchi isiyovujiwa, kando ya Bwana Redio, hatumruhusu mtu kuikalia, na mwalimu keshaambiwa.

Mwambie fundi aje aliinue benchi. Nina mengine mengi ya kukueleza, ila huko chini wameshaanza kugonganisha makopo. Ngoja nishuke.

Baba yako